Asipike Takwimu: Mwongozo kwa Anayepokea Mwanafunzi wa Fildi

Nilipokuwa mwanafunzi wa afya ya mazingira nilipewa kaya 60 za kukagua vyoo kwa siku nne, kwa miguu, katikati ya masika. Nilifika kaya 23. Zilizobaki nilizimalizia chini ya mwembe, nikiwa na kalamu mbili ili wino usifanane, na nikakumbuka hata kuzipaka karatasi udongo kidogo. Msimamizi wangu alisaini bila kufungua ukurasa wa pili. Nikapata alama nzuri.

Sasa msimamizi ni mimi. Kila msimu barua za utambulisho zinaniletea vijana: wa stashahada kutoka vyuo vya afya ya mazingira, wa shahada kutoka Muhimbili, na mara mojamoja tabibu au muuguzi mwenye kazi yake aliyerudi kusoma. Nikiwatazama nauona ule mwembe. Nimeridhika kwamba kijana hapiki takwimu kwa uovu. Anapika kwa sababu aliyempokea kampa idadi bila kumpa swali, na kwa sababu katika ofisi ile neno "sikufika" lina adhabu, ila namba ya uongo haina. Vyote viwili viko mikononi mwako wewe msimamizi.

Kabla hajashuka kwenye basi

Soma barua yake mapema, uone ana wiki ngapi, na umpigie mwalimu wake wa chuoni umuulize kitabu chake cha mafunzo kinadai nini kijazwe. Usingoje afike na kitabu kikiwa kwapani, ndipo mgundue pamoja kwamba anatakiwa aone machinjio, na wilaya yako machinjio yamefungwa kwa matengenezo.

Kisha mpigie yeye mwenyewe. Muulize atalala wapi na ana hela ya kula kiasi gani. Wengi wetu tunaona haya kuuliza, tunaona ni mambo ya familia yake. Lakini kijana mwenye njaa hatembei kaya kumi na mbili, na aliyepanga chumba kilomita tisa kutoka kituoni atafika saa nne asubuhi kila siku na wewe utamwita mvivu. Kama ni msichana, mtafutie nyumba yenye mama mwenye nyumba unayemjua. Asipangiwe kulala kwa mtendaji yeyote anayejitolea chumba, hata awe mtu mwema vipi. Muulize pia kama amechanjwa homa ya ini. Chanjo yake huhitaji dozi zaidi ya moja, kwa hiyo siku ya kuuliza si ile ya kumpeleka kwenye taka za zahanati.

Mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kitongoji wajue jina lake kabla hajaonekana mtaani na fulana ya chuo. Mgeni anayeuliza watu wanajisaidia wapi, bila kutambulishwa, anaweza kuishia kituo cha polisi.

Mtafutie swali

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Swali zuri la fildi lina sifa tatu: linaisha kabla wiki zake hazijaisha, wewe mwenyewe hujui jibu lake, na kuna mtu halmashauri anayelingoja. Ukikosa hiyo ya tatu, ripoti itakaa kabatini, na mwanafunzi huinusa hali hiyo tangu siku ya kwanza. "Hali ya usafi wa mazingira katika kata yetu" si swali. Ni kichwa cha habari, na ukimpa hicho atakijaza kwa maneno ya ripoti ya mwaka jana.

Chukua mfano wa maji. Kioski kinatibiwa klorini, mhandisi anasema dawa inatosha, na bado zahanati inapokea watoto wanaoharisha. Swali: klorini inayotoka bombani inafika kwenye mtungi? Vifaa ni vichache. Ni vidonge vya DPD namba 1, kifaa kidogo cha kulinganishia rangi, saa, na daftari. Kidonge kikiyeyuka maji yanageuka waridi, na waridi likikolea klorini ni nyingi zaidi. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapochotea. Mwanafunzi anapima bombani, anaongozana na mama mmoja hadi nyumbani, anapima ndoo ikifika, anaomba ruhusa kurudi jioni, anapima tena mtungini.

Katika kijiji kimoja nilichomsimamia kijana kwa swali hilo, bombani waridi lilikuwa zuri kabisa na jioni mtungini maji yalikuwa meupe pe. Kwa siku mbili alidhani kifaa kimeharibika. Nikamwambia asibadilishe kitu, ahesabu hatua moja moja. Akaona ndoo zinasuguliwa kwa majani na mchanga na kubaki na utelezi ndani, akaona foleni inakaa juani na ndoo wazi, akaona kata moja inaingia mtungini na mikono ya watoto wanne. Klorini ilikuwa inaliwa njiani na uchafu na jua. Hakuna mhadhara wangu ungemfundisha hilo. Mhandisi naye alikuja kusikiliza mwenyewe, kwa kuwa lilikuwa swali lake.

Tahadhari moja ya kifundi, maana niliiona ikiharibu wiki nzima ya kazi: chupa ya kupimia isuuzwe kwa maji yaleyale yanayopimwa, na rangi isomwe palepale kwenye mwanga wa mchana. Akibeba sampuli mfukoni hadi ofisini ili asome akiwa amekaa kwenye kiti, anapima mfuko wake.

Rejista, kwa dozi

Tuseme ukweli. Ofisi nyingi humpokea mwanafunzi kwa furaha kwa sababu kuna vitabu vya MTUHA havijajumlishwa na hakuna mikono. Mpe nusu siku ya kazi hiyo, naye atajua ofisi inavyopumua. Akifika wiki ya pili bado ananakili, umemgeuza karani asiyelipwa.

Lakini rejista hiyohiyo inaweza kuwa darasa. Mpe kitabu namba 5, kile cha wagonjwa wa nje, cha zahanati moja, mwezi mmoja uliopita. Ahesabu kwa kidole watoto wa chini ya miaka mitano walioandikiwa kuhara. Kisha achukue ripoti ya mwezi iliyotoka zahanati hiyo. Kisha aombe aonyeshwe namba iliyoingizwa kwenye DHIS2. Zote tatu zilipaswa kuwa namba moja, na mara nyingi hazifanani. Kazi yake ni kutafuta namba imepotelea wapi: mtoto mwenye malaria na kuhara akahesabiwa ugonjwa mmoja, hesabu ikafungwa kabla mwezi haujaisha, mtu kasoma 1 ikawa 7.

Mwonye jambo moja kabla hajaenda. Muuguzi wa zahanati ile yuko peke yake, anazalisha usiku na kuchanja asubuhi. Kijana akiingia na kalamu nyekundu kuuliza "mbona mmekosea", mlango utafungwa kwake na kwako pia. Aulize "dada, hapa huwa mnajumlishaje?", akae pembeni, aangalie. Akimaliza, awe wa kwanza kumwonyesha muuguzi alichokiona, kabla yako.

Hodi ya kwanza

Nenda naye. Siku ya kwanza lazima, hata kama una kikao. Hakujifunza chuoni namna ya kusimama uani kwa mtu. Anaita hodi na macho yako kwenye simu yenye dodoso, mzee anakaribisha, yeye anaanza na "jina la mkuu wa kaya?" kabla ya shikamoo. Simu irudi mfukoni, aamkie, aulize habari za nyumbani, aseme ametumwa na nani na kwa nini, na kwamba mtu ana haki ya kukataa bila kupoteza huduma yoyote. Hapo ndipo simu itoke.

Ila kwenda naye kuna kasoro yake, na ni kubwa. Jina la Bwana Afya linatisha. Watu wamezoea kumwona akija na faini. Mama lishe akiniona kwa mbali ndoo za maji ya kunawa zinaota kama uyoga. Tukipita pamoja utashangaa kila nyumba ina choo na kila choo kina kibuyu chirizi kilichojaa. Kwa hiyo siku ya pili kaa chini ya mti ukimwona kwa mbali, na kuanzia siku ya tatu aende na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mtu wa palepale.

Mfundishe kutazama kuliko kuuliza. Sabuni ambayo bado ina kona zake nne imetolewa leo. Njia ya kwenda chooni yenye nyasi ndefu haina wapitaji, na mlango wenye utando wa buibui haujafunguliwa asubuhi ile. Swali "mna choo?" litamletea ndiyo za bure siku nzima. Swali "mtoto huyu mdogo huwa anajisaidia wapi, na kinyesi mnakipeleka wapi?" lina jibu lenye nyama, kwa kuwa wengi hawaoni aibu juu ya kinyesi cha mtoto na hawakioni kuwa ni hatari.

Ifanye "sikufika" iwe namba

Sasa turudi chini ya mwembe. Fomu niliyopewa mimi ilikuwa na nafasi ya majibu tu. Hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba nyumba imefungwa. Weka juu ya kila fomu matokeo manne ya kuchagua: alihojiwa, alikataa, hakuwepo, nyumba imehamwa. Mwanafunzi akirudi na fomu 40, kati yake 9 zina "hakuwepo", amekamilisha kazi yake, na mwambie hivyo kwa mdomo wako.

Kaya zichaguliwe kwa orodha. Mwenyekiti wa kitongoji anazo 160, nyinyi mnataka 40, basi ni kila ya nne. Andikeni 1 hadi 4 kwenye vikaratasi, mtoto wa mwenyekiti aokote kimoja, hapo ndipo pa kuanzia. Bila orodha atafuata barabara, na kaya za barabarani ndizo zenye mabati na vyoo vya matofali. Na asibadilishe nyumba iliyofungwa kwa jirani aliyepo. Nyumba kufungwa nako ni taarifa.

Hili nililielewa vizuri kwenye kijiji kimoja cha pwani. Mwanafunzi, binti mtaratibu, alirudi siku mbili mfululizo na kaya nyingi zilizofungwa upande mmoja wa kijiji. Zamani ningemwambia aongeze bidii. Safari hii tulikaa tukatazama tarehe. Ilikuwa bamvua. Maji yakipwa sana wanawake wako kwenye mwani na pweza tangu asubuhi, na wanaume wengine wamekwenda dago. Kaya zilizokosekana zilikuwa zilezile zinazoishi kwa bahari, na ndizo zilizokuwa na vyoo vichache kuliko zote, maana ufukwe uko hapo. Angezibadilisha kwa majirani wenye maduka, ripoti yetu ingesema kijiji kiko salama. Akarudi magharibi, na mhudumu akiwa pembeni yake, akawakuta.

Kiwango cha siku kiwe cha kibinadamu. Kaya kumi hadi kumi na mbili kwa mtu anayetembea na kusalimia ni nyingi. Mwambie tangu mwanzo, bila vitisho, kwamba utarudia mwenyewe kaya moja katika kila kumi, na kweli urudie. Muda na mahali vinavyorekodiwa na simu kwenye programu kama KoboToolbox vinasaidia, lakini visikupe uvivu: nimeona simu iliyozungushwa kitongoji kizima mfukoni huku majibu yakiandikwa kwenye kibaraza kimoja.

Takwimu zilizopikwa zina harufu. Umri wa kila mtu unaishia na 0 au 5 hata kwa vijana wanaojua mwaka waliozaliwa. Hakuna aliyekataa. Hakuna aliyejibu "sijui". Dodoso la dakika ishirini limejazwa mara nne ndani ya nusu saa. Na kuna ile ya hila zaidi, majibu yanayokwenda vizuri mno: kila mwenye elimu ana choo, kila asiye nayo hana. Watu halisi wana vituko. Utamkuta mwalimu mstaafu anayekwenda porini na bibi asiyejua kusoma mwenye choo cha kung'aa.

Ukimkamata, funga mlango umwambie kwa faragha. Muulize kaya zipi alifika kweli. Chukua hizo tu, tupa nyingine mbele yake, mpange upya siku zilizobaki. Akirudia tena ndipo chuo kijulishwe kwa maandishi. Mara ya kwanza, jiulize wewe ulimpangia nini.

Kila jioni kaeni dakika kumi na tano. Nina maswali matatu na sibadilishi: umeona nini ambacho hukutegemea, wapi hukufika, na nini hujakielewa. La kwanza huchukua wiki kuzaa matunda, kwa sababu wamezoea kuwaambia wakubwa kile wakubwa wanachokijua. Uanze wewe. Nikimwambia kijana kwamba leo mimi sikuelewa kwa nini kisima kile kina chumvi na cha jirani hakina, kesho yake ananiambia mambo. Kuhusu mwembe huwa nawasimulia mwishoni mwa wiki ya kwanza.

Anayekuja na mvi zake, yule tabibu aliyerudi shule, anahitaji jambo tofauti kidogo. Mafunzo ya epidemiolojia ya fildi yaliyoanzishwa nchini mwaka 2008 yanawachukua watu wa namna hiyo, na sehemu kubwa ya muda wao hupita kazini, si darasani. Usimfundishe kusalimia. Mfundishe kuhama kutoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa kitongoji, kwani atataka kutibu kila kikohozi anachokikuta njiani.

Mlipuko ukitokea

Mlipuko hausubiri ratiba ya chuo. Kipindupindu kikiingia wilayani mwanafunzi atataka kuwa mbele, na wewe utakuwa umechoka kiasi cha kumkubalia. Amua mapema mipaka yake. Orodha ya wagonjwa anaweza kuishika: umri, mtaa, siku na saa ya kuanza kuhara, maji anayotumia, alikula wapi. Dalili za kipindupindu hujitokeza kuanzia saa chache hadi siku tano baada ya maambukizi, kwa hiyo msisitize tarehe ya kuanza kuugua. Tarehe ya kufika kambini haitamsaidia kutafuta chanzo. Anaweza pia kuchanganya klorini, wewe ukiwepo. Kwa unga wenye nguvu ya asilimia 70, gramu 7 kwa lita zinatoa asilimia 0.5 ya kusafishia sakafu na vifaa. Ya kunawa mikono ni sehemu ya kumi ya hiyo. Ndoo ziandikwe kwa rangi kubwa. Nimeona mtu akinawishwa kwa ile ya sakafu.

Wodi ya waliotengwa kwa homa za kutoka damu haimhusu kabisa. Marburg ilipotangazwa Kagera Machi 2023, mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa waliofariki, na huyo alikuwa mtu wa kazi hiyo. Mwanafunzi akibembeleza, mpe simu apigie waliokutana na wagonjwa. Nayo ni kazi ya mlipuko.

Na mlipuko uwepo usiwepo, asishike hela ya mtu, hata mia mbili. Faini na ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na kijana asimame mbali na mazungumzo hayo. Zawadi ya ndizi au dafu apokee kwa adabu, maana kukataa ni tusi. Kuku ni mazungumzo mengine, akupigie simu. Picha za wagonjwa, za vyoo vya watu, za kurasa za rejista zisionekane kwenye simu yake binafsi wala kwenye hali ya WhatsApp. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila mimi humweleza kwa namna rahisi zaidi: mama aliyekufungulia choo chake akikiona mtandaoni, bwana afya ajaye hatafunguliwa.

Siku ya kusaini

Ripoti aiandike nusu ya urefu anaoutaka. Isome yote, na kalamu mkononi. Ukurasa wa pili pia. Nikikuta "wananchi hawana elimu ya kutosha" nakata, namwuliza nani alimwambia na nyumba ya ngapi. Kwenye kitabu chake cha mafunzo usiandike "ni mtiifu na mchapakazi", maneno ambayo kila msimamizi anayo kwenye ncha ya kalamu. Andika kitu ulichokiona: alirudi mara tatu kwa kaya zilizofungwa, alisahau kusuuza chupa wiki ya kwanza, wiki ya pili akawa anamkumbusha mhudumu.

Kabla hajaondoka, arudishe majibu kwa watu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu vikundi vikundi kando ya redio, wasikilize, wajadili, kisha waende kuchimba. Kijiji kukaa na kuzungumza habari za vyoo vyake si jambo geni hapa. Mwenyekiti aite watu alasiri, chini ya mti wao wa kawaida, na kijana aseme kwa dakika kumi bila projekta.

Yule binti wa kijiji cha pwani alisimama akasema kati ya kaya 40 alizopangiwa, 37 alizipata, moja ilikataa, mbili hakuzikuta mpaka mwisho. Mzee mmoja wa nyuma akamuuliza ni zipi hizo mbili. Akajibu kwamba hawezi kuzitaja. Mzee akacheka, akasema moja ni yake, alikuwa dago, na kama bado ana karatasi basi amuulize sasa hivi. Basi la saa kumi lilimwacha.